Wadudu wa Meza ya Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kugeuza kibao cha mlangoni kionyeshe kwamba mkahawa umefunguliwa, Shigeharu alikuwa na shughuli yake moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikatiza, hata mkewe. Alifuta mikono kwenye aproni, akavuta droo, akachagua sarafu ya yeni mia iliyopakwa rangi nyekundu ya kucha, kisha akaenda kuketi kwenye meza ya dirishani. Meza ile ilikuwa mashine ya mchezo. Juu ilikuwa na kioo kinene chenye makovu ya sigara pembeni, na chini ya kioo, pale ambapo mtu angetegemea kuona mbao, kulikuwa na giza lililojaa nyota. Kutoka kwenye hizo nyota walishuka wadudu.

Sarafu nyekundu ilikuwa ya nyumba. Kisanduku cha mashine kilipofunguliwa ilirudishwa kwenye droo, isichanganyike na sarafu za wateja. Rangi aliipaka Mineko, mkewe, miaka ile alipokuwa bado anapaka kucha. Ilikuwa imechakaa, imebaki kwenye mifereji ya maandishi tu, lakini Shigeharu aliitambua hata kwa kuipapasa.

Mineko alizoea kumwangalia kutoka jikoni huku akikata mikate vipande vinene vya tosti. Mume wake aliinama kidogo, mkono wa kushoto kwenye fimbo, vidole viwili vya kulia juu ya kitufe, na mgongo wake, ambao siku nzima ulilalamika, ukanyooka kama wa kijana aliyeitwa jina darasani. Wadudu walikuja kwa mistari, wakajikunja, wakateremka kwa kuzunguka kama majani makavu yanayopeperushwa. Naye akawapiga mmoja mmoja kutoka kwenye ndege yake ndogo ya kivita, bila haraka. Hakuwa mtu wa kubonyeza ovyo. Wanaobonyeza ovyo, alisema, ni watu wenye hofu.

Mkahawa uliitwa Suzuran, nao ulikuwa kwenye mteremko wa kutoka stesheni ya Muroran. Zamani, zamu ilipokwisha kwenye kiwanda cha chuma, wanaume walijaa humo na masizi bado yamewakaa kwenye kope. Kila aliyetaka kucheza aliweka sarafu yake ukingoni mwa kioo, ikapanga foleni kwa niaba yake, na mwenyewe akaenda kunywa kahawa na kuvuta sigara hadi zamu yake ifike. Hakuna aliyegusa sarafu ya mwenzake. Meza zote nne zilikuwa mashine wakati huo. Tatu ziliondoka, moja baada ya nyingine, kama wateja wenyewe walivyoondoka, wengine kwenda Sapporo kwa watoto wao na wengine kwenda makaburini. Hii ya dirishani ilibaki kwa sababu Shigeharu alikuwa na mapatano nayo.

Mapatano yenyewe aliyatangaza majira ya baridi ya mwaka juzi, binti yao Chikage alipokuja na vitabu vya picha vya nyumba za kulelea wazee. Alivipanga kwenye kaunta kama mtu anayeuza mazulia.

"Baba, una miaka sabini na saba," Chikage alisema. "Unachemsha maji, unawasha moto, unapanda ngazi usiku. Nani atakuambia siku ya kuacha? Mimi nikisema, unanuna. Daktari akisema, unabadilisha daktari."

"Ataniambia yule," Shigeharu alijibu, akainua kidevu kuelekea dirishani.

"Nani?"

"Yule pale. Wewe ulikuwa darasa la kwanza alipoletwa. Wadudu wake wanashuka leo kama walivyoshuka siku ile, njia ileile, mwendo uleule. Hawana huruma wala hawana chuki. Wao hawabadiliki, kwa hiyo siku nikishindwa kufika raundi ya pili ya bure, aliyebadilika ni mimi. Siku hiyo nitavua aproni na kufunga duka, na hutasikia nikibishana."

Raundi ya bure ni ile ambayo wadudu hupita wakicheza ngoma tu, hawapigi, na mchezaji huhesabiwa aliowaangusha. Kwa Shigeharu kufika ya pili kulikuwa kama kupanda kwenye roshani yake mwenyewe.

"Yaani tukusubiri uuawe na nzi," Chikage alisema.

"Si nzi. Na usipandishe sauti, atakusikia."

Chikage alicheka, ingawa hakutaka kucheka. Mineko alikuwa akikausha vikombe, na moyoni aliishukuru ile mashine kama mtu anavyomshukuru jirani aliyejitolea kubeba maiti. Kwa muda mrefu aliiogopa siku ambayo yeye ndiye atakayelazimika kumwambia mume wake kwamba basi, sasa umekwisha. Kumbe hatalazimika. Kazi hiyo mbaya ilikuwa imepata mwenyewe.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Kila asubuhi Shigeharu alifika raundi ya pili ya bure, mara nyingine ya tatu, akainuka, akageuza kibao.

Mwezi wa Februari alipata kikohozi kilichoshuka kifuani, akalazwa. Mineko alifungua mkahawa peke yake, akatengeneza tosti na mayai na kahawa ya birika, maana ile kahawa ya chupa mbili za kioo zilizopandana, ambayo maji hupanda kwa mvuke na kushuka yakiwa meusi, ilikuwa kazi ya mume wake na mikono yake haikuizoea. Mashine ya dirishani aliiwasha kila siku kama kawaida. Bila mwanga wake upande ule wa chumba ulionekana kama umefiwa.

Asubuhi moja alisikia harufu ya nywele zinazoungua. Alipogeuka, picha ilikuwa imejikunja katikati, ikawa mstari mweupe, mstari ukawa nukta, na nukta ikakaa hapo ikimtazama. Kisha haikuwepo.

Alimpigia simu Nagumo, ambaye enzi zile ndiye aliyezileta mashine hizo kwa gari lake na siku hizi alitengeneza mitambo ya karaoke. Nagumo alikuja, akapiga magoti, akafungua mlango wa chini kwa ufunguo, akaingiza kichwa na tochi. Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

"Mama, huyu ameshakufa," alisema. "Kioo chenyewe cha picha kimekufa, na ubao wa umeme umeungua hapa na hapa. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Nikikuambia nitatafuta, nitakuwa nakudanganya."

Mineko alikaa kwenye kiti bila kuvua glavu za kuoshea vyombo.

"Lakini nina kitu," Nagumo akaendelea. "Skrini ya kisasa, bapa, haili umeme. Na kiubao hiki." Alionyesha kitu kisichozidi kiganja. "Humu mna michezo sitini ya zamani. Na huyu wako pia yumo humu."

"Wadudu ni walewale?"

"Walewale, Mama. Kila mguu na kila bawa. Subiri uone."

Mchana alikuwa amemaliza. Mbao zilikuwa zilezile, kioo cha juu kilekile na makovu yake, fimbo ileile iliyolainishwa na viganja. Nyota ziliwaka, muziki ule mfupi ukalia, na wadudu wakashuka kwa mistari, wekundu na buluu na njano, kama vile hakuna kilichotokea. Mineko alitoa kitambaa akafuta macho. Alimwomba Nagumo aifunge ile michezo mingine yote, uonekane huu mmoja tu.

"Nimweleze Masta, mumeo, au utamweleza mwenyewe?"

"Nitamweleza mwenyewe, akipata nguvu."

Wala hakukusudia kudanganya. Ila alimjua mume wake. Kikombe chake cha chai kilipovunjika, alikunywa kwa bilauri mwaka mzima na kukataa kingine, akisema kikombe chake kimevunjika, basi. Angeambiwa mashine imekufa, angelala chini akaelekeza uso ukutani. Na wadudu si ni walewale? Nagumo alikuwa ameshapakia ule mzoga wa ndani kwenye gari lake, na theluji ikafunika alama za magurudumu.

Shigeharu alirudi nyumbani amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Asubuhi iliyofuata alishuka ngazi mapema, akavaa aproni, akachukua sarafu nyekundu.

"Pumzika kwanza, Baba Chikage," Mineko alimwambia.

"Nimepumzika hadi nimeota kuvu."

Aliketi. Mineko alishika kisu cha mkate lakini hakukata. Muziki ulilia. Shigeharu alisema, "Picha imekuwa safi. Umekisugua kioo?"

"Nimekisugua," Mineko alijibu.

Kundi la kwanza lilishuka. Alipiga, akakosa. Akapiga tena, mdudu akawa ameshapita, risasi ikaenda kwenye nyota. Mineko aliyaona mabega ya mumewe yakipanda. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alimsikia akibonyeza haraka haraka, tak-tak-tak-tak, kama wale vijana wa zamani waliochekwa. Ndege yake ya mwisho ililipuka hata kabla ya raundi ya kwanza ya bure.

Alikaa. Kisha akainuka akageuza kibao, akaanza kazi, na siku nzima hakuzungumzia jambo lile.

Kesho yake alishindwa tena, na keshokutwa. Alijaribu kuinamisha kichwa, akabadilisha miwani, akapasha vidole moto kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Asubuhi moja Mineko alimkuta amekaa mbele ya mashine inayochezesha picha zake yenyewe, mikono magotini, anawatazama wadudu wanavyoshuka bila mtu wa kuwapiga. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja nao. Aliwajua wote. Alijua huyu atajikunja wapi na yule atatokea upande gani.

"Naona kila kitu," alisema bila kugeuka. "Kichwa kinajua. Vidole ndivyo vinavyochelewa. Naviambia sasa, vinafanya baadaye."

Mineko alifungua mdomo amwambie juu ya Nagumo. Lakini aliwaza, skrini inahusiana nini na vidole? Mtu ametoka hospitalini, amekohoa mwezi mzima, ni mzee. Akafunga mdomo.

Wiki hiyo Shigeharu aliandika kwa brashi, kwa mwandiko wake mzuri wa kusimama, kwamba mkahawa Suzuran utafungwa mwisho wa Machi na anawashukuru wateja wote kwa miaka yote. Akabandika mlangoni. Kisha akampigia simu Chikage mwenyewe, akamwambia kwa sentensi mbili, na Chikage upande wa pili akalia, akasema "Asante, Baba, asante," kama mtu aliyepewa zawadi.

Na Mineko? Usiku ule alilala usingizi mzito kuliko wa miezi mingi. Magoti yake yalimuuma kila alipopanda ngazi na sinia. Alianza kufikiria chumba chenye sakafu ya joto, mahali ambapo hatakiwi kuamka kukata mikate. Alijionea haya kidogo kwa furaha hiyo, lakini haikuwa haya ya kumnyima usingizi.

Tangazo lilipokaa mlangoni siku chache, aliingia Dobashi, mzee aliyefanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia chuma hadi alipostaafu, ambaye kila siku saa nne alikuja kula tosti na yai. Alisimama mlangoni akipangusa theluji kwenye kofia.

"Masta! Nini hiki nimesoma? Unafunga? Kwa nini, kahawa imekuwa nzuri ghafla umeogopa?"

"Nimezeeka, Dobashi."

"Ulikuwa mzee ulipofungua. Mama, mwambie huyu bwana aache mzaha, nitakula wapi mimi? Nyumbani nina mke anayekaanga yai hadi linalia."

"Siwezi tena," Shigeharu alisema. "Yule amesema." Akaelekeza kidevu dirishani, akachukua ndoo akaenda nyuma kutoa takataka.

Dobashi aliacha kucheka. Aliwahi kuwa mchezaji wa pili kwa ubora pale, na mapatano ya Masta aliyajua kama watu wote. Alikwenda taratibu kwenye meza ya dirishani, akachomeka sarafu yake, akaketi. "Basi na mimi nimuage," alisema. "Tuliwahi kupigana sana, mimi na hawa mashetani."

Alicheza. Mineko alikuwa akimimina maji kwenye maua ya plastiki, si kwa sababu yanataka maji, ni mazoea ya kuyaosha vumbi. Alisikia Dobashi anaguna. Akaguna tena. Kisha akaacha fimbo kabisa, ndege yake ikafa huku anaitazama.

"Mama. Nani ameibadilisha hii?"

"Ameibadilisha vipi?"

"Si yeye huyu. Amevaa nguo zake, lakini si yeye. Njoo uone. Nabonyeza." Alibonyeza. "Umeona? Inafikiri kwanza, ndipo inapiga. Kidogo sana, kama kupepesa jicho, lakini inafikiri. Yule wa zamani hakuwa na akili ya kufikiri. Ulikuwa ukibonyeza, ameshapiga."

Birika lilikuwa zito mkononi mwa Mineko. Aliliweka chini.

"Masta hajui?" Dobashi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajui."

"Mama weee," Dobashi alisema, akavaa kofia yake ndani ya nyumba.

Alasiri Mineko alimpigia Nagumo. Nagumo alikiri bila ubishi kwamba ndivyo zilivyo hizi mpya: ya zamani picha ilichorwa papo kwa papo, hii inaipanga kwanza. Watu wengi hawahisi, alisema. Na ule ubao ulioungua? Uko wapi? Nagumo alikuwa ameupeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pamoja na kile kioo cha picha, wiki ileile.

Siku mbili Mineko alitembea nalo lile jambo kama mtu aliyeficha kaa la moto mfukoni. Angenyamaza tu, mwisho wa Machi ungefika, wangehamia kwenye sakafu ya joto. Chikage angefurahi. Magoti yake yangepona. Kitu kimoja tu kingebaki: mume wake angekwenda huko akiamini kwamba vidole vyake vimekufa, na vidole vyake havikufa. Angekaa kwenye kiti cha watu wengine, ameviweka magotini, akivitazama kama watumishi waliomwibia.

Siku ya tatu, saa ile ya alasiri ambayo hakuna mteja, walikuwa wakimenya vitunguu vya mchuzi wa kari. Akamwambia. Alimwambia yote, harufu, nukta nyeupe, Nagumo, Dobashi.

Shigeharu aliendelea kumenya. "Usinibembeleze, Mama Chikage."

"Sikubembelezi."

"Dobashi amekutuma. Mmekaa mkapanga, mtu mzima asilie."

Mineko alitoa ufunguo kwenye ndoano, akaenda dirishani, akapiga magoti yake yale mabovu sakafuni, akafungua mlango wa chini. "Njoo."

Alikuja na kisu mkononi. Aliinama akachungulia. Ndani, pale palipokuwa na kile kioo kikubwa chenye shingo ndefu, palikuwa na nafasi tupu, na kwenye mbao ilibaki duara safi lililozungukwa na vumbi la miaka. Juu kabisa ilining'inia skrini nyembamba kama daftari la shule, na kiubao kidogo kimefungwa kwa vibanio vya plastiki.

Alitazama kwa muda mrefu sana. Mineko alisubiri hasira, na hata alijiandaa kwa furaha. Vyote havikuja.

"Kwa hiyo sijui," Shigeharu alisema.

"Hujui nini?"

"Sijui kama ni mimi au ni huyu."

"Ni huyu! Si nimekuambia? Hata Dobashi ameshindwa."

"Dobashi alishindwa hata enzi za ujana wake." Alifunga mlango wa mashine taratibu, akaujaribu kama umeshika. "Labda ni huyu. Labda ni mimi. Labda ni sote wawili. Yule aliyekuwa anajua ameuzwa kwa kilo."

Mineko alisema, "Nisamehe." Shigeharu akamsaidia kuinuka kutoka sakafuni, akamkung'uta vumbi magotini kwa mkono wake wenye harufu ya kitunguu.

"Tangazo nitalibandua," alisema. "Siwezi kufunga kwa ushahidi wa mgeni. Lakini lazima pawe na mtu wa kuniambia. Basi utaniambia wewe."

"Mimi?"

"Uko hapa siku nzima. Una macho. Ukiona imefika, sema. Sitabisha."

Mineko aliitikia kwa kichwa. Angeweza kufanya nini kingine?

Tangazo likabanduliwa. Chikage alikasirika kwenye simu, akaacha kupiga kwa wiki kadhaa. Dobashi alishangilia, akaagiza tosti mbili, akasema kahawa ni mbaya kama kawaida, Mungu ashukuriwe. Mashine iliendelea kuwaka dirishani, lakini Shigeharu hakuketi tena pale. Wateja walianza kuweka makoti yao juu ya kioo, na wadudu wakashuka chini ya makoti.

Sasa Mineko ndiye aliyekuwa akitazama. Alimtazama akipanda kiti kuchukua sukari. Alimtazama akisimama mbele ya kabati lililo wazi, mkono umeinuliwa, amesahau alichofuata. Mara ngapi yeye mwenyewe husahau? Akamsamehe. Alimtazama akimpelekea Dobashi kahawa aliyokwisha kumpelekea. Dobashi akainywa zote mbili bila kutania, na hilo la kutotania ndilo lililomuumiza Mineko. Alimsamehe na hilo. Kila jioni alijiambia kwamba kesho ataangalia kwa haki, na kila kesho alikuta sababu mpya mfukoni, kama bibi anayewapa wajukuu peremende.

Mashine ile ingemhukumu mara moja, kwa muda wa wimbo mmoja, kisha ingelia muziki wake na kumsubiri tena kesho. Yeye hakuweza. Alikuwa amekula naye wali wa kila jioni tangu alipokuwa na nywele nyeusi.

Aprili, theluji ilibaki kwenye kona za mteremko, nyeusi kama makaa. Dobashi alikuwepo, na wanawake wawili wa duka la maua waliokuja kujipasha moto. Wote waliagiza kahawa. Shigeharu alipanga chupa zake kwenye kaunta, akawasha kile kibatari cha spiriti, akakisogeza chini ya chupa.

Chupa ilikuwa tupu.

Mineko aliiona kutoka kwenye sinki. Aliuona mwali wa buluu ukilamba kioo kikavu. Mume wake alikuwa akisaga kahawa, amewapa mgongo chupa na moto, akimsikiliza mmoja wa wale wanawake akieleza habari za bei ya mayungiyungi. Atakumbuka sasa, Mineko aliwaza. Atageuka sasa. Ulimi wake ulikuwa tayari, neno lilikuwa pale pale, lakini kulisema ndiko kulikokuwa kumwambia kwamba imefika. Akasubiri. Sasa. Sasa hivi atageuka.

Chupa ilipasuka kwa mlio kama wa bastola. Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Vipande vilimwagika kaunta nzima hadi kwenye sahani ya Dobashi.

Shigeharu aligeuka. Hakutazama moto, wala vioo, wala wateja. Alimtazama Mineko. Alisimama wima, mikono pembeni, kama alivyokuwa akisimama baada ya mchezo kusubiri kioo kimpe hesabu yake.

"Ilikuwa na ufa," Mineko alisema. "Niliuona jana. Nikasahau kukuambia."

Hakuna aliyesogea. Shigeharu aliendelea kumtazama, na macho yake hayakuwa na ukali hata kidogo, na hilo Mineko hakulitegemea.

"Yule wa zamani asingesema hivyo," Shigeharu alisema.

Alikifunika kibatari kwa kifuniko chake, mwali ukafa. Kisha akashuka taratibu hadi sakafuni, akaanza kuokota vioo kimoja kimoja, na kuviweka kwenye kiganja chake cha kushoto. Mineko alikwenda kumsaidia. Akamzuia kwa kiwiko.

"Waulize wateja kama watakunywa chai," alisema akiwa chini.

Mineko aliwageukia. Hakuhitaji kuuliza. Dobashi na wale wanawake wawili walijibu wote kwa pamoja, upesi mno, kwamba chai ni nzuri, chai ndiyo hasa waliyokuwa wakiitaka, na Shigeharu aliinamisha kichwa juu ya vioo vyake akiwasikiliza.